Kichina kina sarufi, tena si haba

Kauli kwamba "Kichina hakina sarufi" imezoeleka mno, na hata baadhi ya walimu wa lugha huirudia. Sababu inayotolewa ni kwamba maneno yake hayabadiliki umbo: kitenzi hakionyeshi nafsi wala wakati, na nomino ni ile ile, kiwe kitu kimoja au mia. Leo Kichina kinafundishwa katika vyuo vikuu vyetu, Nairobi tangu 2005 ilipofunguliwa Taasisi ya Confucius, na bado kuna vijana wanaoingia darasani wakidhani kazi yao ni kukariri maneno na kuzoea toni tu. Wamepotoshwa.

Tazama sentensi hii: "Wǒ mǎi le sān běn shū", yaani nilinunua vitabu vitatu. "Shū" ni kitabu, na kweli haibadiliki. Lakini ukisema "sān shū" umekosea. Kati ya idadi na nomino lazima liwepo neno la kuhesabia, na vitu vya aina mbalimbali vina maneno yao: "běn" kwa vitabu, "zhāng" kwa vyenye uso bapa, kama karatasi, tiketi na meza, "tiáo" kwa vilivyo virefu, kama mto, barabara, samaki, hata suruali. Sisi tuliolelewa na ngeli tulipaswa kuwa wa kwanza kuitambua kazi hii. Nomino zinaainishwa, sisi tunatumia kiambishi, wao wanatumia neno zima. Nayo "le", iliyokaa baada ya kitenzi, inaonyesha tendo limekamilika. Ipeleke mwisho, useme "wǒ bù mǎi le", na sasa unamwambia muuzaji kwamba sinunui tena, nimeghairi. Mgeni anayeipuuza kwa kuwa ni silabi moja isiyobadilika atasumbuka nayo miaka.

Hata Kiswahili, pamoja na viambishi vyake vyote, kina maneno ya namna hiyo. "Asha tu alimwona Juma": hakuna mwingine aliyemwona. "Asha alimwona Juma tu": hakumwona mwingine. "Tu" haikupokea kiambishi chochote, ila nafasi yake imegeuza ushahidi mzima, na mbele ya hakimu tofauti hiyo ingeweza kumfunga mtu. Tunasema kitabu kizuri na vitabu vizuri, lakini kitabu safi na vitabu safi, wala hakuna anayedai kwamba "safi" imevunja sarufi.

Lugha hutofautiana tu katika njia ya kufanya kazi ile ile. Kilatini kiliweza kusema "canis hominem mordet" au "hominem canis mordet", na kwa vyovyote vile mbwa ndiye anayemuuma mtu, kwa sababu miisho ya nomino ndiyo iliyobeba maana. Kiingereza cha kale kilikuwa na miisho kama hiyo. Kilipoipoteza, kazi yake ilichukuliwa na mpangilio wa maneno pamoja na vihusishi. Ukigeuza mpangilio huo leo, mtu ndiye anayemuuma mbwa.

Imani kwamba lugha isiyobadilisha maneno haina sarufi ina asili yake, na asili yenyewe haitupendelei. Mwaka 1808 Friedrich Schlegel, Mjerumani, alitoa kitabu kuhusu lugha na hekima ya Wahindi. Alizisifu lugha kama Kisanskriti, ambazo mizizi ya maneno yake hubadilika kwa ndani, akaziona kuwa hai. Zile zinazojenga maana kwa kubandika viambishi alizishusha, akaona mizizi yake ni kama rundo la chembe zinazopeperushwa na upepo. Kwa kipimo hicho si Kichina peke yake kinachohukumiwa, Kiswahili nacho kimo. Mswahili anayekidharau Kichina kwa kukosa viambishi anashika rungu lililochongwa kumpiga yeye pia.

Mwalimu, iondoe kauli hiyo darasani kwako. Mwambie mwanafunzi tangu siku ya kwanza kwamba sarufi ya Kichina imo katika mpangilio na katika yale maneno madogo, na ndiko atakakokosea zaidi asipofundishwa mapema.