Kabla ya Kuota Utajiri wa Angani, Uliza Kwale

Umeiona ile video inayozunguka WhatsApp, ya mwamba wa angani ambao eti ungemfanya kila mtu duniani bilionea? Mwamba wenyewe upo. Unaitwa 16 Psyche, na chombo cha NASA kiliondoka Oktoba 2023 kwenda kuuchunguza, kifike 2029. Lakini hiyo hesabu ya mabilioni ni ya kijiweni.

Samaki wakijaa Msambweni, bei inaendaje? Inashuka. Basi mwaga madini ya Psyche sokoni uone. Halafu kuna nauli. Chombo OSIRIS-REx kilileta gramu 121.6 za udongo kutoka mwamba wa Bennu mwaka 2023. Hazijazi hata kikombe cha chai, na safari ilikula zaidi ya dola bilioni 1.

Biashara inayoingia akilini kwanza ni maji. Barafu ya Mwezini ukiitenganisha unapata haidrojeni na oksijeni, yaani mafuta ya roketi, na mteja yuko huko huko juu.

Sasa swali la maana: mali ya nani? Mkataba wa 1967 unasema hakuna nchi inayoweza kujimilikisha Mwezi. Lakini Marekani mwaka 2015, kisha Luxembourg 2017, zikapitisha sheria kwamba kampuni ikichimba, ilichochimba ni chake. Kenya nayo ilijaribu. Mwaka 1976 kule Bogotá, ilijiunga na nchi nyingine za ikweta kudai njia ya setilaiti iliyo juu ya vichwa vyetu. Wakubwa walitupuuza.

Unaona kama ni mambo ya mbali? Shuka Likoni, pinda Kwale. Meli ya kwanza ya madini ya Base Titanium iliondoka Februari 2014. Uchimbaji ukaisha Desemba 2024. Mchanga ulitenganishwa hapa, lakini rangi inayotokana na titani ikatengenezwa ng'ambo. Sheria ya Madini ya 2016 iliipa jamii asilimia 10 ya mrabaha, kaunti 20, serikali kuu 70. Mgodi unakaribia kufungwa, watu wa Kwale walikuwa bado wanaidai ile 10 yao.

Yaani kama mgao wa mchanga ulio chini ya mnazi wa babu yako umechukua miaka hivyo, wa mwamba ulio mamilioni ya kilomita utakufikia lini?

Sisemi usiote. Mimi chuo niliacha, ndoto sijaacha. Lakini macho sasa yako kwa Mlima Mrima, kwenye niobiamu na madini adimu. Wakiitisha baraza, nenda. Usiulize tu kazi ni ngapi. Uliza madini yatasafishwa wapi, mgao utalipwa lini, na ni nani atatia sahihi kwa niaba yako.

Ukishindwa kuuliza Mrima, angani hutasikika kabisa.