Ile Sauti ya Sungura Nimeifuta Kwa Simu

Wasee, mmeniuliza sana sehemu ya pili ya ile video ya kuita sungura usiku iko wapi. Haiko. Na ile ya kwanza nimeishusha, hata kama ndiyo ilikuwa inaninunulia bando.

Kwa wale hawakuiona: tulikuwa ushago Nyamira, vijana wanne, tochi mbili na spika ndogo tumeificha kando ya majani chai. Unacheza sauti ya sungura akilia, mnazima tochi, mnangoja. Sauti tuliitoa mtandaoni. Baada ya muda nyasi zikatikisika, tukashika pumzi. Kumbe ni mbwa wa jirani. Mlicheka sana kwa komenti, na ni haki yenu.

Lakini nimekaa nikaifikiria ile sauti. Hicho ni kilio cha sungura ameshikwa. Marekani wawindaji huicheza kuita mbweha, yaani mwenye kuja kula. Na sungura wetu wa mwituni hachimbi shimo kama wale wa kufugwa. Watoto wake hulala tu hapo nyasini. Sasa kama kuna sungura angetoka gizani kufuata spika yetu, angekuwa anamfuata nani? Hapo ndipo nilishindwa kulala.

Kuna mtu ataniambia hii ni mila. Mila gani? Sokoro aliwinda na mbwa na rungu, akikimbia mwenyewe, na mara nyingi sungura alimshinda akarudi nyumbani kula chinsaga. Majirani zetu Waluo huita kware kwa kutundika kware hai ndani ya tenga juu ya mti mrefu, awaite wenzake. Huyo ndege lazima umlishe, umjue. Sisi tulihitaji bando tu.

Halafu kuna sheria. Uwindaji Kenya ulipigwa marufuku 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza hata kuwinda kitoweo cha nyumbani. Ilipopitishwa iliweka faini isiyopungua shilingi 30,000 au jela isiyopungua miezi sita. Mimi mwenye niliacha chuo sikuwa najua hiyo (na wale wamemaliza pia hawajui, msinicheke). Sasa niambieni, kwa ile video kulikuwa na sura za nani? Yangu haikuwemo, mimi ndiye nilishika simu. Wale maboi hawakuwa wanatafuta watazamaji, walikuwa wanatafuta nyama. Shamba la kwao limegawanywa kati ya ndugu mpaka ng'ombe hana pa kusimama. Mimi nikapata wafuasi, wao nikawaachia ushahidi, mtandaoni, na majina yao tukiyaita kwa sauti.

Nimewaomba msamaha mmoja mmoja. Mmoja amenunua sungura wawili wa kufugwa, amewapigia kibanda cha mbao nyuma ya jikoni, na anauliza nitakuja kurekodi lini. Nimemwambia Jumamosi, nikipata nauli ya matatu kutoka Kisii.