Vita vya Wengine, Mapenzi ya Wengine

Imeota mizizi miongoni mwa wachapishaji na waalimu wetu rai ya kwamba kijana asisomeshwe vita na mapenzi ndani ya kitabu kimoja. Vita, husema, ni somo la historia, lina mtihani wake; mapenzi ni ya magazeti ya udaku. Mwandishi athubutuye kuyakutanisha hayo mawili kwa ajili ya msomaji wa miaka 14 huambiwa kwamba amekosa adabu, na asipoambiwa hivyo huambiwa kwamba hana soko. Ni rai ya kivivu. Na hapana mahali inapoumbuka zaidi kuliko Nachingwea na Ruangwa, wilaya mbili za mkoa wa Lindi zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 1995, ambako vita vimeingia majumbani mara kwa mara bila ya kubisha hodi.

Kwanza itazamwe fani yenyewe inavyoendeshwa na wengine. Marekani wanayo aina ya riwaya za vijana zinazosimulia familia zenye asili ya Kiitalia wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mazingira yake ni ya kweli kabisa. Italia na Marekani zilipoingia vitani Desemba 1941, Wataliana wapatao 600,000 waliokuwa wakiishi Marekani bila ya kuchukua uraia wake walihesabiwa kuwa raia wa nchi adui. Waliandikishwa, wakapewa vitambulisho vya kutembea navyo, wakakatazwa redio za masafa mafupi, na baadhi yao katika pwani ya California wakahamishwa kutoka nyumba walizozijenga kwa jasho lao, mpaka amri hiyo ilipoondolewa Oktoba 1942. Huku nyuma watoto wao wa kiume walikuwa wamevaa sare za jeshi la Marekani. Julai 1943 jeshi hilo likateremka Sicily, na miongoni mwa askari wake wamo waliokwenda kupigana katika nchi walikozaliwa baba zao.

Mtunzi wa riwaya ataka nini tena? Bendera mbili chini ya paa moja, binti aliyeachwa na barua, mama asiyejua amwombee nani. Mapenzi humo ndiyo kipimo cha vita: msomaji hahesabu vifaru, anahesabu siku tangu barua ya mwisho ifike. Hapana ubaya wowote kijana wa Naipanga au wa Nandagala akikipata kitabu cha namna hiyo akakisoma hadi usiku wa manane. Ubaya ni kwamba akikifunga hatakiona kingine chenye nyumba ya kwao ndani yake, naye atadhani kwamba watu wa kwao walipigana bila ya kupendana, au walipendana bila ya historia.

Na huko kwao je? Oktoba 1917 majeshi ya Waingereza yaliyotoka Kilwa yalipita Ruangwa yakielekea Lukuledi, na mengine yakapanda kutoka Lindi. Kati ya tarehe 15 na 18 ya mwezi huo yakapambana na Wajerumani Mahiwa, karibu na Nyangao, katika mojawapo ya mapigano makali kuliko yote ya vita vile Afrika ya Mashariki. Waingereza peke yao walipoteza watu zaidi ya 2,000, waliouawa na waliojeruhiwa. Jina hilo la “Waingereza” ni la kuchekesha, maana waliolala chini pale wengi wao walikuwa Wanijeria na askari wengine weusi. Upande wa Wajerumani nako askari walikuwa Waafrika, na askari wale hawakutembea peke yao. Wake zao walifuatana nao, wakipika, wakibeba, wakizaa njiani, wakizika njiani. Wapagazi walichukuliwa na pande zote mbili. Wale wa Waingereza ndio walioiachia Dar es Salaam jina la Kariakoo. Basi mtu angeweza kumbebea risasi Mwingereza ilhali shemeji yake yumo handakini na Mjerumani. Hiyo ndiyo familia ya bendera mbili, na haikuhitaji kuvuka bahari ili iwe hivyo.

Ikaja Vita Kuu ya Pili, na vijana wa Tanganyika wakaingia Keya. Adui wao wa mwanzo walikuwa Wataliana hao hao, kule Habeshi, mwaka 1940 na 1941. Kisha wengine wakapelekwa Bama. Shaaban Robert alikiandikia kipindi hicho utenzi mrefu, *Utenzi wa Vita vya Uhuru*. Katika nathari, kijana wa leo amwendee nani amsimulie habari ya mke wa askari wa Keya aliyekuwa akingoja Nachingwea?

Yasemwe haya mbele ya wapenzi wa ushairi, kwa sababu wao ndio warithi wa fani iliyojua siri hii zamani. Utenzi wa Rasi 'l-Ghuli haukuanza kwa hesabu ya majeshi. Ulianza kwa kilio cha mama aliyeuliwa wanawe. Na Lindi yenyewe ilimtoa Abdul Karim bin Jamaliddini, aliyeitungia Vita vya Maji Maji utenzi wakati majivu yake yangali moto. Waandishi wetu wa nathari kwa vijana wamekwisha kuonyesha kwamba vita vya kale vyaandikika: M. M. Mulokozi alivichukua vita vya Wahehe na Wajerumani akavifanya hadithi za vijana, kuanzia *Ngome ya Mianzi*. Njia imefyekwa, lakini wapitao ni wachache, na hao wachache hulikwepa penzi kama mtu akwepaye dimbwi.

Wanaolikwepa husingizia maadili. Husemwa kwamba mtoto wa shule hajafikia. Lakini ni mtoto yupi asemwaye? Wa Kimwera na wa Kimakonde, ambaye huenda alikwisha kupelekwa jandoni au unyagoni, akafundwa na makungwi mambo ambayo hapana mhariri angethubutu kuyachapa? Jamii imempa mtoto huyo mafunzo ya unyumba kabla ya kumaliza shule ya msingi, halafu mchapishaji akaona haya kumpa hadithi ya binti anayemngoja mchumba wake arudi kutoka mtoni Ruvuma. Hiyo ni haya ya mtu mwenye kuogopa bodi ya vitabu, na laiti ingeitwa kwa jina lake.

Sasa liangaliwe lile ambalo Nachingwea inalo na mahali pengine hapana. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufa 1951, uliacha huko mashamba yaliyofyekwa kwa matingatinga na kupewa namba. Mojawapo, Farm 17, serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa FRELIMO, nao kuanzia mwaka 1965 wakafanya hapo kambi yao kuu ya mafunzo. Samora Machel aliiongoza kambi hiyo. Mwaka 1967 waliingia wanawake 25 wa mwanzo kufundishwa silaha, na mmoja wao alikuwa Josina Muthemba, aliyezaliwa mwaka 1945.

Maisha ya Josina yangetosha kitabu hata yangekuwa ya kubuni. Mwaka 1964 alitoroka Msumbiji na wenzake, wakakamatwa Rhodesia, wakarudishwa jela ya Wareno. Akatoka, akatoroka tena mwaka uliofuata, mara hii akafika Dar es Salaam. Akapewa nafasi ya kwenda kusoma Uswisi akaikataa, akaenda Nachingwea kubeba bunduki na, baadaye, kulea mayatima wa vita. Mei 1969 aliolewa na Samora huko Tunduru, miezi mitatu tu baada ya Eduardo Mondlane kuuawa kwa bomu la kifurushi Dar es Salaam. Novemba akajifungua mtoto wa kiume. Tarehe 7 Aprili 1971 akafa kwa maradhi, Dar es Salaam, miaka 25. Msumbiji imeifanya siku hiyo kuwa Siku ya Mwanamke. Hata yeye msomaji aliyezoea Wamarekani amewekewa fungu lake: Mondlane alikuwa na mke Mmarekani, Janet, waliyefunga naye ndoa mwaka 1956, akahamia Dar es Salaam na watoto wao, akabaki mjane kwa vita ambavyo havikuwa vya nchi yake. Mtu atafute familia ya Kimarekani iliyogawanywa na vita. Ilikuwa Dar es Salaam.

Husikika pingamizi kwamba hayo ni ya Msumbiji, na Wamsumbiji wayaandike. Pingamizi hilo halijawahi kuuona mto Ruvuma. Wamakonde wako kingo zote mbili, Wayao vivyo hivyo, na Wamakua. Wakimbizi waliovuka waliwakuta ndugu, na vijiji vya mpakani upande wa Tanzania vilionja mabomu ya Wareno. Kwa miaka kumi watu wa Nachingwea waliishi na jeshi la jirani ubavuni mwao. Haiyumkini kwamba katika miaka kumi hiyo hapakuwa na binti wa mjini aliyemtazama kijana wa kambini mara mbili, na mzazi aliyelijua hilo akanyamaza au akakasirika. Riwaya yaanzia hapo. Hata kisiwani habari hii si ngeni: Wamakonde wangapi wameingia Unguja, wakaoana na watu wa hapa, na wajukuu wao leo wanaghani Kiswahili cha mjini bila ya kuulizwa bibi alivuka mto gani?

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni kwamba riwaya ya namna hiyo itageuka tenzi ya kusifu chama. Itageuka, ikiandikwa na mwoga. Maana Nachingwea hiyo hiyo, mwaka 1975, karibu na uhuru, ndipo walipoletwa mbele ya hadhara wale FRELIMO iliyowaita wasaliti, na Uria Simango, aliyekuwa makamu wa Mondlane, akasomeshwa maungamo yake. Mkewe Celina, aliyekuwa kiongozi wa wanawake, naye alikamatwa. Mke na mume hao baadaye waliuawa bila ya mahakama, na watoto wao wakakua bila ya kuonyeshwa makaburi. Kambi iliyomlea Josina ndiyo iliyotumika kuwafedhehesha kina Simango. Kijana wa miaka 14 aweza kuyabeba yote mawili. Wenzake wa Marekani hupewa wayabebe, husimuliwa kwamba serikali iliyomshinda Mussolini ndiyo iliyomwandikisha babu muuza mikate kama adui, na hawajavunjika kwa hilo. Anayemficha kijana wa Nachingwea nusu ya habari hamlindi yeye. Anawalinda wakubwa waliotenda.

Kuhusu soko hapana haja ya maneno mengi. Tuzo ya Burt ilipoanza kutolewa Tanzania mwaka 2008 kwa hadithi za vijana, ilitaka hadithi za Kiingereza. Abdulrazak Gurnah, mwana wa kisiwa hiki, aliandika vita vya Wajerumani na penzi la Hamza na Afiya baada yake, nayo *Afterlives* ilipotoka mwaka 2020 ilitoka kwa Kiingereza. Vipo basi vipaji, ipo hamu na zipo fedha. Kilichokosekana ni mhariri wa Kiswahili wa kusema, niletee hiyo ya Farm 17, na usiondoe busu.

Tena asikawie. Binti aliyeingia Nachingwea mwaka 1967 akiwa na miaka 18 amekwisha kuivuka 75. Wapo ng'ambo ya Ruvuma, na wapo wazee wa Nachingwea na Ruangwa waliowauzia ndizi, waliocheza nao ngoma, walioandikiana nao barua. Kinasa sauti kimo ndani ya kila simu siku hizi, na nauli ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Nachingwea haizidi gharama ya uzinduzi mmoja wa kitabu hotelini.