Joto Lisilo na Moto

Wengi wetu twatengeneza sabuni vikundini. Kostiki soda ikiyeyuka majini hutoa joto bila jiko. Maji baridi yaweza kufika nyuzi 80. Basi maji yatangulie, kisha soda kidogo kidogo tukikoroga. Tukimwaga maji juu ya soda, joto hutoka kwa mkupuo, mchanganyiko huchemka ghafla na kuruka machoni. Sufuria ya alumini haifai kabisa: soda huila, ikitoa gesi inayoshika moto. Tutumie ndoo imara ya plastiki.

Ikimrukia mtu, tumvue nguo iliyolowa, tumwoshe kwa maji mengi yanayotiririka angalau dakika 20, kisha hospitali. Ndimu na siki, sisi wauguzi twazikataa. Asidi ikikutana na soda huzaa joto jingine, juu ya kidonda kile kile.