Dawa na Chombo Chake

Mfanyakazi amezapo tembe asubuhi kabla ya kushika njia ya kiwandani, dawa ile haiendi moja kwa moja mahali penye ugonjwa. Hupita tumboni, ikafika kwenye ini, kisha husambazwa na damu mwilini kote, panapotakiwa na pasipotakiwa. Baada ya saa kadhaa nguvu zake zimekwisha, naye hana budi kumeza nyingine. Baadhi ya madhara tunayoyalalamikia sana, kama vile kichefuchefu na kizunguzungu, hutokana na kule kusambaa kwake.

Kwa muda wa miaka 60 sasa wataalamu wamekuwa wakitafuta chombo cha kuichukua dawa, kuiweka mahali pake na kuitoa kidogo kidogo. Chombo hicho hufanyizwa kwa polima, yaani vitu ambavyo chembe zake zimeungana mfululizo kama pete za mnyororo. Mpira, plastiki na nailoni ni wa jamii hiyo. Watu wengi hudhani kwamba dawa ndiyo kila kitu na chombo ni kama karatasi ya kufungia sukari. Sivyo hata kidogo.

Mwaka 1964 daktari Judah Folkman wa Marekani na mwenzake walieleza jinsi dawa zilizotiwa ndani ya mpira wa silikoni zilivyopenya ukuta wake na kutoka polepole kwa muda mrefu. Silikoni si utomvu wa mti. Hufanyizwa viwandani, na asili yake ni mchanga. Katika ugunduzi huo vikazaliwa vijiti vya kupanga uzazi vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono, ambavyo Finland iliviruhusu kwanza mwaka 1983. Akina mama wa Afrika ya Mashariki wanavijua vijiti hivyo vizuri, ingawa ni wachache walioambiwa kwamba wamebeba mkononi kazi ya mhandisi pamoja na ya daktari.

Leo tunataka kuzungumza juu ya mtoto mwingine wa silikoni hiyo, nayo ni pete ya ukeni yenye dawa iitwayo dapivirine, inayomkinga mwanamke na virusi vya UKIMWI. Wapo wasomaji watakaoona haya kuikuta habari hii katika gazeti. Twawaomba radhi, lakini haya haijamkinga mtu na ugonjwa. Mwanamke huivaa pete hiyo mwenyewe, hukaa nayo kwa mwezi mmoja, kisha huivua na kuvaa nyingine. Dawa hutoka pale pale hatari inapoingilia, na ni kidogo sana inayofika katika damu. Wala hahitaji idhini ya mume asiyetaka kusikia neno kinga.

Je, ilijaribiwa wapi? Majaribio makubwa ya nguvu zake hayakufanywa Ulaya wala Marekani. Wanawake 2,629 wa Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe waliingia katika jaribio moja, na wengine 1,959 wa Afrika Kusini na Uganda katika jaribio la pili. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016. Maambukizo yalipungua kwa asilimia 27 katika jaribio la kwanza na asilimia 31 katika la pili, wakilinganishwa na wenzao waliovaa pete zisizo na dawa. Wasichana wa miaka 18 hadi 21 katika jaribio la kwanza hawakuonekana kupata kinga, na pete zilizorudishwa zilipopimwa, dawa iliyosalia ndani yake ilionyesha kwamba wengine hawakuwa wakizivaa siku zote. Baadaye sindano mpya zimeonyesha nguvu kubwa zaidi, nasi hatusemi pete hii yazishinda dawa zote. Twasema kwamba mwanamke astahili kuchagua. Shirika la Afya Duniani liliikubali pete mwaka 2021, na katika mwaka huo huo Zimbabwe ikaisajili.

Sasa tuulize swali linalomhusu mfanyakazi. Miili iliyojaribiwa katika majaribio hayo makubwa ilikuwa ya Afrika. Kiwanda kilikuwa Sweden. Ilipofika mwaka 2023 tu ndipo yalipotangazwa mapatano ya kuitengeneza pete mjini Johannesburg, na kampuni ya Kiara Health. Hatua hiyo ni njema, lakini imechelewa.

Tena tuitazame bei. Vijiti vya Jadelle, ambavyo ni silikoni vile vile na hutengenezwa Finland, vilikuwa vikiuzwa kwa nchi maskini dola 18. Mwaka 2013 wafadhili walipoahidi kununua kwa wingi kwa miaka kadhaa, bei ilishuka hadi dola 8.50. Mchanga haukushuka thamani siku ile, wala mashine haikubadilishwa. Kilichobadilika ni mapatano. Basi nchi za Afrika ya Mashariki zikikaa pamoja na kununua kama mnunuzi mmoja, zitakuwa na haki ya kudai bei nafuu, na kudai pia kwamba sehemu ya kazi ifanyike huku.

Tusijidanganye kwamba jambo hili ni jepesi. Viwanda vya kumimina plastiki tunavyo, ndoo na mabeseni yanatoka kila siku. Ndoo ikiwa na vumbi huoshwa. Pete ya dawa ikiwa na vumbi hutupwa, na pengine shehena nzima pamoja nayo. Kazi hii yataka silikoni safi kabisa, kalibu iliyochongwa kwa kipimo kisichokosea hata unywele, na mkaguzi asiyenunulika. Katika jambo la ukaguzi tuna cha kujivunia: mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Tanzania ilikuwa ya kwanza Afrika kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imefikia daraja la tatu la usimamizi. Mkaguzi yupo. Anayekosekana ni wa kukaguliwa.

Hata kabla ya kiwanda, kazi ya akili inangoja. Kila pete ya mwezi mmoja hutiwa miligramu 25 za dawa, na katika siku 28 hutoka kama 4 tu. Nyingine 21 hutupwa pamoja na mpira wake, kwa kuwa dawa haitoki kwa kasi inayotakiwa isipokuwa imejazwa nyingi ndani. Waliobuni pete hiyo wamekwisha kutengeneza ya miezi mitatu, lakini swali la upotevu halijafungwa. Ni swali ambalo mfamasia wa Muhimbili, mwanakemia wa Chuo Kikuu na fundi wa kalibu wangeweza kulianza juma lijalo wakiwekwa kwenye meza moja. Watahitaji maabara, mizani ya kupima sehemu ndogo za miligramu, na mshahara wa miaka mitatu usiokatizwa. Bajeti ya mwaka ujao ikisomwa, tutatafuta fungu hilo.