Kasi Isiyo na Mshindi

Aghalabu mpenda kasi hujipata njia panda: aendeshe gari lake uwanjani katika siku za wazi, ambazo hazina mshindi wala tuzo, au ajitose katika mashindano ya ridhaa? Wengi hushikilia kuwa njia ya kwanza ndiyo salama. Hoja hiyo ina kasoro.

Mathalani, huko Nürburgring, Ujerumani, barabara ya mbio iitwayo Nordschleife, yenye urefu wa takriban kilomita 20.8, hufunguliwa kwa umma. Mwenye leseni ya kawaida hulipa ada akaingia. Sheria za barabarani hutumika humo, na kupima muda kumepigwa marufuku. Hata hivyo, wapo wanaojipima kwa siri. Dereva wa aina hiyo anashindana tayari, ila anashindana pengine bila kofia ya kinga wala vyuma vya kuimarisha gari, huku mbele yake kukiwa na mgeni anayetalii taratibu na familia yake. Akigonga kingo za chuma, atalipia ukarabati wake.

Mashindano ni ghali, hilo halina ubishi. Gari laweza kuharibika katika kona ya kwanza, na mwenyewe asiwe na wa kumlaumu. Lakini humo gari hukaguliwa, dereva huhitaji leseni maalumu, na wasimamizi wenye bendera hutoa onyo mapema. Tamaa ya kushinda haifichwi, imewekewa kanuni.

Anayestahimili kupitwa mchana kutwa, siku za wazi zinamtosha. Anayekereka akipitwa na atafute klabu, gari lake likaguliwe, libandikwe namba ubavuni.