Nani Afunguaye Mlango?

Wananchi, mwezi wa Januari 2011 aliyekuwa Naibu Waziri wa Viwanda na Biashara, Ndugu Lazaro Nyalandu, aliwapa wageni waliokuwa wakichuuza Kariakoo siku 30 wawe wameondoka. Alisema walikaribishwa nchini kuwekeza, si kuchuuza wala kung'arisha viatu. Mwishoni mwa Julai 2025 Serikali ikatoa amri nyingine, yenye orodha ya biashara 15 ambazo asiye raia hatakiwi kuzifanya. Ndani yake zimo duka la rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, usafi wa nyumba na ofisi, na kuongoza watalii.

Amri ile ni njema, nasi tunaiunga mkono. Lakini twauliza jambo moja. Mlango uliofungwa mwaka 2011 ukakutwa wazi mwaka 2025, ni nani aliyeufungua?

Tuangalie kwanza walio nje ya mlango huo. Januari 2025 nafasi za ualimu zilikuwa 14,648, na waombaji walikuwa 201,707. Machi mwaka huo huo Mamlaka ya Mapato ilitaka watumishi 1,596, wakajitokeza watu 135,027. Maana yake ni kwamba karibu watu 85 walikigombea kiti kimoja. Yule mmoja alipata kazi. Je, wale 84 walikwenda wapi?

Walishuka ngazi. Msichana mwenye shahada ya uhasibu anakaa katika kibanda cha fedha kwa simu. Kijana aliyesomea umeme anafungua simu mbovu kandokando ya barabara. Mwingine anapanga mali dukani kwa ujira wa siku. Hatuwacheki vijana hawa, maana kazi halali haina aibu. Wazazi wao waliuza ng'ombe na mashamba ili wasome, nao wamekubali kuanzia chini. Kinachouma ni kwamba huko chini nako wanamkuta mgeni ameshika nafasi, tena nafasi isiyohitaji utaalamu wowote wa kuvuka bahari.

Wako wanaowaambia vijana kwamba dawa ni kumchukia mgeni. La hasha! Historia ya nchi yetu yatufundisha vingine. Zamani za Mwingereza, mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalijazwa manamba walioletwa kutoka Ruanda-Urundi, Msumbiji na majimbo ya mbali ya Tanganyika. Tangu 1944 mabwana wa mkonge walikuwa na ofisi yao maalum ya kuwakusanya, iliyoitwa SILABU. Kwa nini walihangaika kwenda mbali hivyo, na hali watu walikuwapo jirani? Ni kwa sababu mwenyeji wa jirani aliukataa ujira ule. Aliyetoka mbali, mwenye namba na mkataba, hakuwa na kwa kukimbilia. Adui wa mwenyeji hakuwa manamba, bali ujira mdogo na yule aliyenufaika nao.

Na leo ni vivyo hivyo. Mwajiri mchoyo hatafuti Mchina wala Mhindi wala Mkongo. Anatafuta mtu asiyeweza kusema hapana. Mgeni ambaye kibali chake kimo mkononi mwa tajiri, au asiye na kibali kabisa, hathubutu kudai saa za ziada wala kujiunga na chama cha wafanyakazi. Huyo ndiye manamba wa siku hizi. Kijana wetu anayefanya kazi bila mkataba, akila na kulala kwa shemeji yake, yu karibu sana kuwa wa pili.

Sasa tumtaje afunguaye mlango. Ni raia anayeazimisha jina lake liandikwe kwenye leseni, na duka si lake. Ni mwenye nyumba anayepokea kodi ya mwaka mzima, asiulize mpangaji ana kibali cha kazi gani. Ni mtumishi anayepita mbele ya duka hilo kila wiki, akaondoka na bahasha. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sheria hazikosekani. Sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wasio raia yamtaka Kamishna wa Kazi ajiridhishe kwanza kwamba mwenyeji mwenye ujuzi ule ametafutwa asipatikane, na yamtaka mwajiri awe na mpango wa kumrithisha mwenyeji kazi hiyo. Amri ya 2025 nayo yampa mgeni anayeivunja faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, na raia anayemsaidia faini ya milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Tunataka kifungu hiki cha pili kifanye kazi kwa nguvu ile ile ya kile cha kwanza.

Pia tusichanganye mambo. Mwananchi mwenye duka ambaye babu yake alitoka Gujarati ni raia kama sisi. Mwalimu Nyerere alikataa uraia wa rangi mwaka 1961, na Januari 1964 akaagiza raia wote watendewe sawa katika utumishi wa Serikali. Na jirani zetu wa Kenya, waliolalamikia amri ya 2025, tuzungumze nao kwa heshima. Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika mwaka 2010 ni yetu pia, na ndugu zetu wanatafuta riziki Nairobi.

Basi tunadai mambo matatu. Kwanza, majina ya raia walioazimisha leseni yapelekwe mahakamani, bila kujali kadi wanazobeba mifukoni. Pili, wastani wa kima cha chini katika sekta binafsi ulipandishwa kutoka Sh 275,060 hadi Sh 358,322 kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Wakaguzi wa kazi wahakikishe ujira wa sheria analipwa kila mtu, mwenyeji na mgeni. Mgeni asipokuwa rahisi kuliko mwenyeji, nani atahangaika kumleta kwa kazi ya kupanga mali? Tatu, vijana mliosoma, jiungeni na vyama vya wafanyakazi hata katika kazi ndogo, na dai mikataba iliyoandikwa.

Matawi yetu nayo yana kazi. Kila mtaa wajua duka gani lina jina la mtu na mali ya mtu mwingine. Tusikae kungoja amri ya tatu. Kufuli ni letu, na funguo zimo mikononi mwetu.

Uhuru na Kazi!